Jambazi Aliyenishona Fizi

Jumatatu, 1 Agosti 1983
Nyarugusu. Fizi zangu za mbele zimezidi kupanda. Meno marefu kama ya punda! Leo Mwahija, mjane mwenye mgahawa, kaniuliza mbele ya wateja kama meno yangu bado yanaota. Maulidi muuza vitenge akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Jitu refu, nene, nalo linamtaka Mwahija. Kesho naenda Shinyanga. Nasikia yupo daktari anayeziba fizi kwa nyama.

Jumatano, 3 Agosti
Daktari Eufrasia kaeleza. Atakata kipande chembamba cha ngozi kwenye kaakaa langu, akishone juu ya fizi, kishike hapo. Kaakaa langu! Nikamsogeza mbele Masele, mchimbaji ninayekaa naye chumba kimoja. Kaakaa lake pana, na mwenyewe hasemi sana. Daktari akasema nyama lazima iwe yangu. Masele, niliyemleta kwa ahadi ya soda, akaanza kuulizia basi la kurudi.

Alhamisi, 4 Agosti
Tayari. Ganzi ilipoisha nililia bila aibu. Masharti: uji uliopoa, nisitafune, nisiongee ovyo, nisivute mdomo kuchungulia. Nimechungulia. Fizi ina kiraka kama kaptura ya shule! Halafu wazo likanijia. Kidonda kizuri hivi kipotee bure? Masele atamwambia Mwahija kwamba nilikuwa namletea sukari, jambazi akanivamia njiani, nikapigana kiume mpaka nikapasuka mdomo.

Jumamosi, 6 Agosti
Tumerudi Nyarugusu. Imekubali! Mwahija kalia. Ananipulizia uji yeye mwenyewe. Maulidi kanuna, kisha ghafla akawa mwema. Akasema ukatili huu haukubaliki, anakwenda kuwaita sungusungu, walinzi wa kijiji.

Jumapili, 7 Agosti
Balaa! Sungusungu wamefika na pinde zao, Mzee Makoye akiwaongoza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akataka sura ya jambazi. Mdomo umevimba, nikaonyesha kwa mikono: mrefu, mnene. Wote wakageuka kumtazama Maulidi. Nilichelewa kidogo kukanusha.
Maulidi akapiga kelele kwamba jeraha likaguliwe. Nikafumbua mdomo. Mzee Makoye akachungulia, akawaita wenzake nao wachungulie.
“Mwanangu, jambazi gani huyu anampasua mtu, halafu anamshona?”
Nikajibu kwamba alijuta.
Walicheka mpaka wakaweka pinde chini. Masele akabanwa, akasema yote. Hata ya soda! Nimehukumiwa kufagia soko. Mwahija kaondoka na bakuli la uji, sikuwa nimemaliza.

Jumatatu, 15 Agosti
Shinyanga asubuhi, nyuzi zimetolewa. Kiraka kimeshika! Fizi nyekundu, zimejaa, meno yamekuwa mafupi kama ya watu. Jioni nikaenda moja kwa moja mgahawani, nikatabasamu mlangoni kwa muda mrefu.
Mwahija akasema fizi zimependeza, hongera, ila amekubali kuolewa na Maulidi. Akasema meno hayakuwahi kumsumbua.
“Kilichonishinda ni uongo wako, Sabiti.”
Lakini mimi si mjinga. Alipokuwa akisema hayo, macho yake yalikuwa juu ya paji langu. Nimeelewa. Ni upara! Kumbe siku zote ni upara!
Sasa, kama ngozi ya kaakaa imehamia kwenye fizi na kuota vizuri, nywele za kwapani zitashindwa nini kuhamia utosini? Ninazo za kutosha, pande zote mbili. Kesho alfajiri narudi kwa daktari. Nikiulizwa, naenda msibani.