Bonde Lisilo na Chui

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe ametangaza azma yake leo. Tulikuwa sebuleni kwake, familia nzima, chai ikiwa bado ya moto. Daktari wa macho amemwambia kwamba presha imeshaharibu mishipa, na kabla mwaka haujaisha atabaki na mwanga na kivuli tu. Alilisema hilo kama mtu anayesema mvua imekatika. Mama mkwe akainuka, akaanza kukusanya vikombe ambavyo hatujavimaliza.

Kisha mzee akasema anataka kuwinda mara ya mwisho. Chui kwanza. Nyati baadaye, miguu ikimruhusu. Ujana wake wote aliwaongoza wawindaji porini, na sasa, kabla giza halijamwingia, anataka kukaa mwenyewe kibandani na kumsubiri chui. Sisi wakwe wawili tumtafutie mahali. Atakayechagua vizuri ndiye atakayekaa naye.

Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sijui kwa nini! Mimi namwogopa hata yule chui wa kwenye blanketi alilotuzawadia mzee siku ya harusi. Blanketi lile la pindo jekundu huwa nalikunja picha ikiwa ndani.

Lakini tangu nioe, mzee huyu hajawahi kuniita mwanangu. Mume wa shemeji yangu, yule wa bima, aliitwa mwanangu tangu siku ya posa. Mimi ni "huyu wa makochi". Ni kweli nauza makochi. Lakini mtu huchoka.

Jumanne, 4 Juni

Mkwe mwenzangu alipita karakana kwetu adhuhuri. Humu nitamwita Vipeperushi, maana alikuja na vipeperushi tele, vinang'aa, vimepangwa kwa rangi. Akavitandaza juu ya meza ambayo vanishi yake ilikuwa haijakauka. Kimoja kiling'ang'ania. Nilifurahi kidogo.

Kambi aliyoichagua ina maji ya moto na vitanda vyenye vyandarua vyeupe. Wageni huona chui karibu kila siku. Kuna picha ya chui amelala juu ya paa la gari, miguu inaning'inia dirishani. Kwenye kiti cha nyuma mtu anatabasamu. Mtu huyo ana kasoro.

Vipeperushi akanipiga bega, akasema nisijisumbue, kila mtu na fani yake. Nikacheka naye.

Alipoondoka nilikaa kwenye kochi la maonyesho nikatafakari kiume. Nikaona ukweli wote kwa mara moja. Ninachohitaji ni mahali pa kuwindia chui pasipo na chui. Mzee atakaa, atasubiri, atavuta hewa safi, atarudi nyumbani mzima. Mimi nitaitwa mwanangu. Nani ataumia? Hakuna.

Jumatano, 5 Juni

Majibu yamekuja yenyewe, ndani ya lori.

Dereva anayetuletea magogo alikuwa anapakua. Nikamuuliza, kwa mbali, kama mtu asiye na shida, ni pori gani analopita ambalo halina wanyama. Akafikiri. Akasema kuna bonde moja nyuma ya vilima, ni kitalu halali cha uwindaji, lakini wageni hawaendi siku hizi. Yeye hulala pale ndani ya lori, vioo juu. Hajawahi kuona hata sungura. Kinachomkera ni watu wa mbao. Jioni na alfajiri wanapasua, gwa-haa, gwa-haa, kisha kimya, kisha wanaanza tena upande mwingine. Kuwaona, hajawaona.

Nilitaka kumkumbatia. Wapasua mbao! Wezi wa msitu! Pale penye msumeno, mnyama gani atabaki? Mimi nimekaa na misumeno siku zote za kazi yangu; hata paka wa karakana alituhama.

Nimemnunulia dereva soda. Hakujua ya nini.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kuwasilisha. Vipeperushi alianza. Aliongea vizuri, sina budi kukiri, na mama mkwe alivutiwa na vyandarua. Baba mkwe alishika kipeperushi kimoja, akakileta karibu na pua, akakisogeza mbali, akakiweka chini. Sebule nzima ilijua hakuona kilichomo. Nilijisikia vibaya, nikajikaza.

Zamu yangu. Nikamwaga sifa za bonde: utulivu, hewa, upweke wa heshima. Mama mkwe akauliza kama hakuna majambazi. Nikamwambia hapana mama, labda wale wapasua mbao tu, dereva huwasikia.

Niliuma ulimi. Umekwisha, nikajiambia. Mzee aliyekulia porini atajua kwamba penye msumeno hapana chui. Nimejichimbia shimo kwa mikono yangu.

Lakini baba mkwe aligeuza kichwa kunielekea, taratibu. Akauliza wanapasua saa ngapi. Nikasema jioni na alfajiri. Akauliza kama wanahamahama. Nikasema dereva anadai hivyo. Akauliza kama kuna mtu aliyewaona. Nikasema hakuna. Uso wake wote ukalegea, akaonekana kijana.

Akasema, "Twende huko."

Vipeperushi alikusanya karatasi zake kwa kelele nyingi. Ushindi! Ufasaha wangu umefunika hata kosa langu. Njiani kurudi mke wangu aliniuliza kama namdanganya baba yake. Nikamwambia nimeumia sana. Akasema anajua uso wangu nikiwa nimeumia, na si huo.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi ya kukaa bila kutikisika. Nilifanyia stoo, nyuma ya magunia ya sponji. Pua ikaniwasha. Nilipiga chafya tatu mfululizo, na mteja aliyekuwa anapima kochi akakimbilia nje. Bosi amenitolea maneno makali.

Nimenunua kofia ya porini. Mke wangu anasema ninafanana na uyoga. Kisha akaacha kucheka, akasema baba yake jana alimimina chai nje ya kikombe na kuendelea kuongea kana kwamba hakuna kilichotokea, nao wote wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Akaniomba nimwangalie huko. Nimeahidi.

Dhamiri ilinisumbua hadi chakula cha jioni.

Jumanne, 11 Juni

Tumefika bondeni. Miti mikubwa, mto mdogo, nyasi ndefu. Tumepokewa na kiongozi wa wawindaji, mtu mkavu asiyepoteza maneno. Alimshika baba mkwe mikono yote miwili na kumwita mwalimu. Mimi alinisalimia kofia.

Wawili hao walinong'ona kando kwa muda mrefu. Baadaye kiongozi akafunga paja la swala kwenye tawi la mti, liwe chambo, na ng'ambo yake wakajenga kibanda cha kuvizia, vijiti na majani, chenye viti viwili na tundu la kuchungulia. Mgongo wa kibanda ni majani matupu. Nikauliza kwa nini nyuma hakuna ukuta wa maana. Kiongozi akasema chui huja kwa mbele. Akaongeza, kwa kawaida.

Haidhuru. Hapa chui hayupo.

Jumatano, 12 Juni

Jioni ya kwanza kibandani. Baba mkwe aliweka bunduki magotini na hakutikisika tena. Mimi nililiwa na siafu kwa heshima.

Jua lilipoanza kuzama, nikasikia. Gwa-haa, gwa-haa, gwa-haa. Wale wezi! Mbali kidogo, ng'ambo ya mto. Furaha ilinijaa, nikaificha. Kisha fundi aliye ndani yangu akaamka. Ule ulikuwa msumeno butu. Tena mtu anasukuma na kuvuta kwa nguvu ileile, kazi ya ovyo, mbao yake haitanyooka hata siku moja. Nikamnong'oneza mzee hayo yote. Akanibana goti nikanyamaza.

Niliona macho yake. Yalikuwa yamefumbwa! Amekuja kote huku kuwinda, anasinzia. Maskini mzee.

Tuliporudi kambini nikamshauri kiongozi awaripoti wale watu kwa wenye mamlaka, msitu unaisha. Kiongozi akamtazama baba mkwe. Baba mkwe akatikisa kichwa. Kiongozi akasema atalishughulikia, akaenda nyuma ya hema, akakohoa muda mrefu sana.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeshindwa kulala. Si kwa hofu. Kwa mambo mengine.

Jioni ya pili. Msumeno ulilia mara moja, karibu zaidi kuliko jana, kisha ukakoma. Ndege nao wakanyamaza. Mwanga ulikuwa unakwisha. Baba mkwe alikuwa ameelekeza uso kwenye mti, lakini si kwenye tawi lenye chambo. Alilikosa tawi, kando kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haoni tawi. Haoni mti. Nilikuwa nimemleta mtu huyu kwenye bonde tupu, kwa macho yake ya mwisho, ili mimi niitwe jina.

Akaninong'oneza, "Unaona nini?"

Chambo na inzi. Hicho tu. Lakini ningemwambiaje? Nikamwambia chui amepanda.

Akaniambia nimweleze. Mimi chui ninayemjua ni mmoja, nikamweleza huyo. Nikasema amelala juu ya tawi, miguu ya mbele imepishana, uso ametuelekezea sisi. Masharubu meupe. Madoa kama mtu ameyapanga kwa rula. Macho ya kijani. Nilieleza kwa upole, neno moja moja, nikijisikia kulia. Sikujua ninaweza kusema maneno mazuri hivyo kuhusu kitu kisicho kochi.

Mzee alianza kuhema kwa nguvu, pumzi nzito, ya joto, ilinifika hadi shingoni. Nikadhani ni hisia. Nikahofu atafyatua risasi kwenye tawi tupu, lakini alikuwa ameiachia bunduki. Mkono wake ukaja juu ya mkono wangu, ukaushika sana.

Akasema, "Usitikisike, mwanangu."

Mwanangu! Nililia pale pale, bila kutikisika. Tulikaa hivyo hadi nyuma yetu majani yakachakacha kidogo, upepo nadhani, na ndege mmoja akalia tena. Ndipo akaniachia. Akasema ameenda. Nikasema ndiyo, baba, ameshuka, ameenda.

Ijumaa, 14 Juni

Sijala tangu asubuhi.

Kiongozi alitupeleka kibandani kulipopambazuka. Hakwenda kwenye mti. Alizunguka nyuma. Nyasi zilikuwa zimelala, umbo la mnyama mrefu, nyuma ya kiti changu kabisa. Ningerudisha mkono ningemgusa. Kwenye vijiti kulikuwa na manyoya ya njano. Nyayo ziliingia kutoka mtoni na kutoka kwenda mtoni. Dume, kiongozi akasema. Mkubwa.

Baba mkwe akainama akazipapasa nyayo kwa vidole, moja baada ya nyingine, kama anayesoma. Akanieleza bila kunicheka. Ile sauti si msumeno. Ni chui dume anatangaza mpaka wake. Aliijua tangu sebuleni nilipomtaja dereva; ndiyo maana alichagua bonde langu. Na ile pumzi haikuwa yake.

Nilikaa chini. Nikauliza kwa nini hakupiga. Akafungua bunduki, akanionyesha. Tupu. Risasi alimwachia kiongozi siku tuliyofika.

Akasema macho yamemuaga, hilo amelikubali. Alitaka kujua kama masikio yamebaki. Yamebaki. Alimsikia chui akivuka mto, akizunguka, akilala, na alijua alipo muda wote. Sauti yake ilikatika kidogo hapo, akageukia mtoni.

Kisha akanishukuru kwa chui wangu pia. Akasema alikuwa mzuri sana. Akauliza kama na yeye ana pindo jekundu pembeni.

Jumapili, 16 Juni

Nyumbani. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta, kisha akanikumbatia muda mrefu, na bega langu likalowa. Vipeperushi alitaka kuona ngozi ya chui. Baba mkwe akamjibu kwamba ngozi ameiacha kwa mwenyewe.

Mezani, mama mkwe alimwekea mzee kikombe mkononi kabisa, naye akakipokea bila kuona haya. Akasema sasa ni nyati. Kisha, mbele ya wote, akanigeukia: mwanangu, nitafutie mahali. Vipeperushi alipaliwa na maandazi.

Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kutegemea sauti ambayo hakuna aliyeona chanzo chake. Safari hii nataka ushahidi wa macho. Nimempigia dereva, nimemhoji kisawasawa.

Kuna mahali kwenye matete, kando ya ziwa dogo. Amepaona mwenyewe, mchana. Hakuna nyati. Kuna ng'ombe tu, weusi, wengi, wanene ajabu. Hawana kengele, hawana mchungaji. Samadi mbichi njia nzima. Hata lori hawalikimbii, wanasimama na kulitazama. Ng'ombe wa kufugwa, wamezoea watu! Wakishalisha hapo, nyati atakula nini?

Nimempelekea baba mkwe habari hizo. Amesikiliza hadi mwisho. Ameuliza kitu kimoja tu, ng'ombe hao huja kunywa maji saa ngapi. Nikasema alfajiri. Uso wake ukalegea tena vilevile, akasema twende huko.

Nimeshachonga fimbo nyepesi pale karakana, ya kuwasogezea wakituzibia njia.