Darasa la Kiatu Kimoja

Jumatatu, tarehe 9

Jana mchungaji alisema kufundisha imani si kazi yake peke yake. Kila Mkristo ana mdomo, kila Mkristo ana jirani. Tena darasa la wanaoanza halina mwalimu. Atakayeleta Jumapili mtu aliyemfundisha mwenyewe, ndiye atakayepewa. Kanisa zima likageuka kumtazama fundi cherehani. Mimi, niliyebeba mabati ya paa lile kichwani, hakuna aliyenitazama. Sawa. Darasa ni langu.

Mke wangu akauliza nitafundisha nini. Nikamwambia mtu aliyesikiliza mahubiri tangu ujana amejaa hadi shingoni. Akasema mara nyingi huwa nasinzia. Si kweli. Nafumba macho ili maneno yasitoke.

Jumanne, tarehe 10

Nashona viatu, na kwa ufundi hakuna anayenifikia. Wateja wanakuja wenyewe. Ningekosaje mwanafunzi? Lakini watu wa siku hizi wana haraka. Muuguzi alichukua viatu vyake nikiwa bado kwenye udongo wa Adamu. Asante babu, huyo! Wa pili hata Adamu hakumwona. Fundi cherehani, mlango wake unatazamana na wangu, akauliza kama nafundisha watu au nafukuza kuku.

Nilikuwa nawaza. Mtu mwenye kiatu kimoja haendi mbali.

Jumatano, tarehe 11

Mpango umeanza. Mteja namkabidhi cha kulia, cha kushoto nakipakata mpaka somo liishe.

Akaja muuza nyama kuchukua mabuti yake. Pande la mtu, kanisani haonekani. Nikamweleza jinsi Musa alivyojenga safina. Akasema, mzee wangu, nadhani ni Nuhu. Nikamjibu Nuhu alikuwa fundi wake tu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama Mungu anamsikia mtu asiyejua kusali. Nikamwambia maswali mwisho, mvua yenyewe haijaanza kunyesha.

Akasema nyama yake iko juani. Akaondoka hivyo hivyo, mguu mmoja buti, mmoja soksi. Fundi cherehani alicheka hadi akashona miguu ya suruali ya mtu ikawa mmoja. Angalau hilo.

Alhamisi, tarehe 12

Habari zimeenea. Wateja wanasimama mbali na kudai viatu vyote viwili kabla hata ya salamu. Mke wangu alilichukua lile buti bila kuniuliza, akampelekea muuza nyama. Alikawia huko. Nilipomuuliza, akasema walikuwa wakizungumza. Nikamwonya asinivurugie mwanafunzi.

Jumamosi, tarehe 14

Muuza nyama amepita na kusema kesho atakuja kanisani. Nilijua! Somo limemwingia. Fundi cherehani hana mtu hata wa dawa. Nimeng'arisha viatu vyangu hadi najiona ndevu.

Jumapili, tarehe 15

Muuza nyama hata hajakaa vizuri, nikasimama na kutangaza kwamba huyu ni wangu. Mchungaji akamwuliza mwenyewe nani alimfundisha. Akamnyooshea kidole mke wangu.

Akasema mama huyu alimletea buti, akamwomba radhi kwa niaba ya mumewe, akaketi juu ya ndoo pale buchani. Akamwambia siku tulipomzika mtoto wetu wa kwanza alishindwa kusali hata neno moja, alilia tu, na Mungu alimsikia. Muuza nyama akasema jibu hilo alilitafuta miaka mingi.

Mimi sikujua. Siku ile nilikuwa nachimba. Nilitazama ncha za viatu vyangu muda mrefu.

Darasa amepewa mke wangu. Mchungaji akaniomba, kwa heshima zote, na mimi nihudhurie. Benchi la mbele. Fundi cherehani naye amewekwa hapo hapo, ubavuni mwangu.

Nimefikiri njiani. Nisingelizuia buti, mke wangu angelipeleka nini? Kwa hiyo aliyeanzisha yote ni mimi, na darasani nitakuwa kama msimamizi. Nimemweleza hivyo. Akasema niwahi, na nije nimevaa viatu vyote viwili.

Muuguzi naye ameacha viatu tena, soli imeachia. Cha kushoto nimeshakificha chini ya benchi la kazi. Kesho tunaanzia pale Musa anapotafuta mbao.