Maonyesho Yaliyoanza kwa Wakati

Kwa Bi. Fetuao,
Mwenyekiti, Kamati ya Maonyesho ya Tatuu,
Apia.

Mheshimiwa Mama,

Pokea heshima zangu, mimi shemasi wa kanisa, baba wa watoto saba, na kwa kawaida mtu mpole. Jana nilifika kwenye maonyesho yenu kwa nia njema kabisa: kumkokota mwanangu Penitala nje kabla hajaguswa. Tangu aseme anataka pe'a, tatuu yetu ya kiunoni hadi magotini, hatusemeshani. Kijana huyu alilia kwa sindano ya surua! Na anayeishia njiani hubaki na aibu hiyo mwilini maisha yake yote, ukoo mzima nao. Nina malalamiko yafuatayo:

1. Mlianza kwa wakati. Tabia hii mmeitoa wapi? Hapa kwetu hata harusi husubiri bwana harusi ashibe. Nilichelewa kidogo kama mtu mstaarabu, nikakuta mstari wa kwanza umeshapita mgongoni. Kumtoa hapo ndiyo ingekuwa aibu yenyewe.

2. Fundi wenu hana adabu. Msaidizi mmoja wa kuvuta ngozi ikaze ichoreke alikuwa ameenda kula magimbi, na fundi, bila kuinua macho, akaniambia, "We mzee, mbona umesimama kama nguzo? Kaa hapo, vuta ngozi!" Mimi, na shati jeupe la kwaya! Nikakaa, nikavuta. Shati limeharibika.

3. Kibanda cha jirani, mgeni mmoja alipakwa dawa ya ganzi ili achorwe kisamaki kwa mashine, huku analamba aiskrimu. Mwanangu anagongwa kitana chenye meno makali, mwenzake analamba aiskrimu. Hii ni dharau.

4. Penitala alikuwa kifudifudi, hakuniona. Akauliza huku analia, "Nani huyo kushoto? Mwambieni asiniachie, anavuta vizuri kuliko Lafaele." Lafaele, binamu yake aliyekuwa akivuta upande wa kulia, akamjibu, "Tulia wewe, ni mzee mmoja tu alikuwa anapita." Ikabidi ninyamaze hadi jioni, jambo ambalo mke wangu hadi sasa haliamini. Niliumia, Mama.

5. Fundi akasimama kunywa chai! Katikati ya mgongo! Mtoto amelala pale, ujasiri unampoa, nyinyi mnatafuna mikate. Hivi ndivyo vijana wanavyokimbia. Ukianza kuchora, chora.

Kwa hiyo naomba maonyesho yafungwe leo hii, yasirudiwe popote Samoa, na fundi aliombe radhi shati langu.

Nisalimie kamati yote, wapishi, mlinzi wa lango, na yule mgeni mwenye samaki, apone salama.

Ni mimi, mwenye kinyongo na heshima,
Shemasi Tuimavave

Nyongeza: Kesho msifunge. Fundi anaanza upande wa pili asubuhi, nami nitawahi kabla yake. Lafaele mpeni kazi ya kupepea. Na Penitala asiambiwe ni nani anayevuta. Akijua ni mimi ataona haya kulia, na nimeona kulia kunamsaidia.