Gari la Mama Mkwe na Kabureta ya Midomo Miwili

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe ameondoka asubuhi kwenda kwa dada yake, wiki nzima. Gari kaniachia mimi! Si moja kwa moja. Bado. Amesema magoti yamechoka na klachi ni nzito, kwa hiyo akirudi atamkabidhi mtu: ama mimi, ama shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Gari lenyewe limenizidi umri. Rangi ya maziwa, boneti ndefu, mwendo wa mgonjwa anayetoka hospitali. Maagizo: niliwashe kila asubuhi, nilifute vumbi, basi. Amesema nisiguse kitu kingine. Akarudia akiwa tayari dirishani mwa basi.

Nimewaza mpaka basi likapotea. Mambo ya kufuta vumbi siyawezi kwa shemeji. Yule hatembei bila kitambaa mfukoni. Kimoyomoyo namwita Kitambaa. Nje ya gari atanishinda tu. Lazima nimpige kwa ndani.

Mpango: natoa kabureta ya zamani, yenye mdomo mmoja mwembamba kama wa chupa ya dawa, naweka ya midomo miwili niliyoiokoa kwenye gari bovu. Injini ipumue! Kikwazo kimoja. Kabureta hukaa juu ya manifoldi, lile bomba la chuma lenye matawi manne linaloigawia injini hewa na petroli, na tundu lake ni dogo. Nitalipanua. Kazi ya mchana mmoja.

Jumanne, 10 Juni

Si kazi ya mchana mmoja.

Nati nne zimetoka kwa heshima. Ya tano imeng'ang'ania kwa kutu. Nimeipaka mafuta, nimeigonga, nimeibembeleza, nimeitukana. Ilipolegea ilichukua ngozi ya vidole vyangu. Lakini manifoldi imetoka! Nikaibeba kifuani kama mtoto aliyelala.

Ndipo Kitambaa akaingia getini na kopo la nta. Nikaisukumia manifoldi chini ya gunia, nikafunga boneti, nikaikalia, mguu juu ya mguu. Akauliza mbona nimekaa pale. Nikasema napunga upepo. Akang'arisha gari lote akinizunguka mimi. Alipomaliza akaomba aliwashe kidogo asikie sauti. Nikamwambia injini inapumzika. Akakunja kitambaa chake, akaenda zake. Gari linang'aa kama kioo. Suruali yangu pia, upande wa nyuma.

Jumatano, 11 Juni

Kusugua kwa tupa, kutwa nzima. Nimelipanua tundu kwa bidii mno: ukingo umeisha, kabureta haina pa kukalia. Nikaenda kwa jirani yetu mchomeleaji, mtaa mzima unamwita Cheche, aniunganishie bamba juu yake. Cheche akasema hiki ni chuma cha kusubu, kilimiminwa kwenye kalibu, hakipendi moto wa ghafla. Kipashwe chote kwanza, kisha kipoe polepole, la sivyo kitapasuka. Nikamwambia sina wiki ya kukibembeleza chuma. Achomelee tu.

Akainua mabega. Akachomelea. Kazi safi! Nikaondoka nayo kifua mbele. Sijafika hata katikati ya ua wangu nikasikia: tak!

Ufa. Kutoka kwenye bamba hadi tawi la tatu. Cheche alikuwa amevua miwani, ananichungulia juu ya ukuta. Akainua mabega tena. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata! Kifaa cha kupasha chuma chote kwa pamoja tunacho hapahapa. Tanuri la mke wangu, la matofali, anakooka mikate anayouza mtaani! Mchana alipotoka kusambaza mikate, lilikuwa bado na joto kali. Nikaingiza manifoldi. Cheche akaja na mashine yake, akanung'unika, akachomelea upya bamba na ufa, chuma kikiwa cha moto vilevile. Nikatega sikio. Hakuna tak!

Nimeirudisha tanurini, kona ya nyuma kabisa, ipoe polepole. Nitaitoa alfajiri kabla mke hajaamka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepitiwa na usingizi.

Mke kakoka moto, kapanga mikate, na alipoingiza koleo lake refu kutoa ile ya nyuma, likaja na manifoldi. Kaja nayo hadi kitandani, juu ya koleo. Akauliza huu ni mkate gani wenye matundu manne. Nikaanza kumweleza faida za midomo miwili. Akasema mdomo huu mmoja nilio nao unamtosha.

Mikate yote ilinuka gereji. Wateja wameirudisha, isipokuwa Cheche, aliyeongeza miwili akisema inamkumbusha ujana. Hukumu: iliyobaki niile mwenyewe. Nimeanza. Kwa chai, si mibaya hata kidogo.

Mchana nimefunga kila kitu. Gasketi, ile ya kuziba maungio hewa isipenye, nimeikata kwenye boksi la viatu. Nikawasha. Filimbi! Hewa inapenya pembeni, gari linapuliza kama refa aliyekasirika. Nikakaza nati, nikakaza tena. Mluzi ukafa. Na hapo injini ikanguruma, nzito, tamu, mpaka madirisha yakaitikia. Nimekaa kwenye ngazi naisikiliza, mkate mkononi. Siku nzuri, kwa ujumla.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe karudi mapema! Wamegombana na dada yake kuhusu dirisha, lifungwe au liachwe wazi. Kitambaa ndiye aliyempokea kituoni, bila shaka. Mama akataka ufunguo: ataliendesha mwenyewe mara moja ya mwisho, kisha aamue. Kitambaa akaketi pembeni yake.

Kwa kawaida gari hili huondoka kama jongoo. Leo liliruka! Tukasikia tairi, tukasikia kona, kisha kimya. Mimi na mke tukasimama getini bila kuangaliana.

Waliporudi, Kitambaa alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa chake. Mama mkwe mtandio umehamia mgongoni, machozi yanamtiririka. Akashuka.

"Nani amegusa gari langu?"

Nikanyoosha kidole. "Shemeji, Mama! Mimi sijagusa kitu. Hata Jumanne alitaka kuliwasha, nikamkataza."

Kumbe ni machozi ya kicheko! Akamkumbatia Kitambaa, akamwita fundi wake, akasema tangu alinunue gari hili hajawahi kulipita basi, na leo amepita mawili. Akamtia ufunguo mkononi. Na Kitambaa, mnafiki yule, akasema ahsante!

Mke ndiye aliyesema. "Mama, hicho chuma nimekitoa mimi tanurini, katikati ya mikate yangu. Muulize huyu."

Nikaulizwa. Nikaanza na habari ya matawi manne. Mama mkwe akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema mmoja katenda akakana, mwingine hakutenda akapokea shukrani. Akachukua ufunguo kwa Kitambaa, akaupitisha mbele ya pua yangu, akautumbukiza kwenye mfuko wa aproni ya mke wangu.

"Huyu ndiye aliyeharibikiwa mikate," akasema. "Gari ni lake."

Jumapili, 15 Juni

Mke amesambaza mikate kwa gari. Imefika ya moto hadi nyumba ya mwisho. Kaimba njia nzima. Mimi nilikaa pembeni na trei mapajani, na nakiri: kiti kile ni laini. Tumerudi, Kitambaa kaja kung'arisha, tumekunywa chai wote. Hata yeye leo alikuwa mtu mzuri.

Nimetafakari sana. Nimegundua kosa langu la wiki nzima: nilihangaika na mashine isiyohitaji msaada. Inayohitaji ni ile ya mke ya kukandia unga. Inazunguka kana kwamba inawaza jambo. Ni puli tu, lile gurudumu la mkanda, inataka kubwa zaidi, na nimeshaiona inayofaa: gurudumu la cherehani ya mama mkwe.

Yeye hushona Jumatano. Kesho ni Jumatatu.