Aliyesema Mvua Atoe Kahawa

"Semina ya ukame imeahirishwa kwa sababu ya mvua!"

Aliyeisoma habari hiyo ni Anas Redio, dereva wa bodaboda ambaye simu yake haiishiwi habari ingawa pikipiki yake kila siku imeishiwa mafuta. Barza yetu ya Gombani ilikuwa imefurika, waliochelewa wamekaa nusu kalio, na kicheko kilichotoka pale kilihamisha kuku wa nyumba ya pili.

"Hebu rudia, yakhe," alisema Bakar Hakimu, mzee wetu wa kanuni, ambaye hata mbuzi wakipigana yeye ndiye anayetoa hukumu. "Nimesikia vyema au ni hili sikio langu la kushoto?"

"Wataalamu walikuwa wakutane Wete leo, wajadili mvua ya Pemba ilivyobadilika tangu enzi za babu zetu. Barabara imejaa maji. Wamekwama njiani na mabegi yao."

"Subhanallah! Mvua imewafuata yenyewe kuja kujieleza, wao wakaikimbia!"

"Wangeialika rasmi," alisema Silima, muuza kahawa, akigonga vikombe vyake. "Wangeipa bahasha na maji ya chupa, ingekaa kimya kama washiriki wengine."

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Marhoun Falaki. Shingo yake ilikuwa imeelekea ng'ambo ya barabara, kwenye majamvi yake mbele ya nyumba. Karafuu zake zote za mwaka zilikuwa zimeanikwa pale, zimebakisha jua kidogo tu zikauke. Na karafuu hizo ndizo harusi ya binti yake Yumna: ndizo pilau, ndizo kitanda, ndizo kabati. Mkewe, Bi Moza, alikuwa amekwenda Chake kwenye kisomo cha hitma na wanawake wote wa nyumba ile, akamwachia neno moja: "Kaa na karafuu." Naye akaona kukaa ni kukaa, hata ukikaa barzani.

"Mvua ya Wete ni ya Wete," alisema. "Hapa hainyeshi. Babu yangu alikuwa akihesabu kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, kila kumi na tabia yake. Kumi hili tulilo nalo ni la jua. Vuli bado."

"Babu yako," alidakia Abdulnasir Mpunga, "alikuwa na mikarafuu kutoka hapa mpaka kuleee. Hata mvua ilikuwa ikimwomba ruhusa. Weye una majamvi manne na kofia ya kuazima."

Abdulnasir tunamwita Mpunga kwa sababu hana. Mwaka huu alipanda bondeni, mbegu ikakauka. Akapanda tena, ikaondoka na maji, yeye juu ya tuta anaipungia mkono.

"Cheka tu," Marhoun alijibu. "Mwaka una desturi zake."

"Ulikuwa nazo! Masika ya zamani ilikuwa mgeni wa heshima. Inabisha hodi, inaingia na mizigo yake, inakaa mpaka ikuchoshe. Ya siku hizi ni mwivi. Inavunja mlango, inapindua kitanda, asubuhi huioni."

Anas aliinua simu juu kama anatafuta mtandao peponi. "Sikilizeni basi. Mtaalamu mmoja hapa anasema mvua ya mwaka mzima, ukiijumlisha, haijapishana sana na ile ya zamani. Kilichobadilika ni namna inavyokuja. Siku za kunyesha zimepungua, na ikija inamwaga kwa mkupuo."

"Ukiijumlisha!" Abdulnasir alitema kipande cha kashata. "Nikunyime chakula Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tatu, kisha siku moja nikumwagie sufuria zima la wali kichwani, nikwambie ukijumlisha umekula?"

"Ni madhambi," alihukumu Bakar. "Siku hizi imamu anaomba mvua, safu ya mbele inaitikia amin, safu ya nyuma ina karafuu nje, inaomba kimoyomoyo isije. Sasa hapo mvua imsikilize nani?"

"Safu ya nyuma ni nani?" aliuliza Marhoun.

"Aliyeuliza."

Barza ikapasuka. Abdulnasir alingoja kicheko kitulie, akasogea mbele. "Mie nasema tucheze ng'ombe. Mvua ikikataa, wazee walikuwa wakitoa fahali, zumari inalia, vijana wanamchezea, na haupiti muda mashamba yamerowa."

"Usithubutu! Mie nina karafuu nje!"

"Na mie nina bonde kavu!"

"Fahali mwenyewe siku hizi anatoka kwa ajili ya picha," alisema Anas. "Watalii wakishaondoka, naye anadai maji ya chupa."

Kabla sijaendelea, kanuni yetu muijue. Msimu wa karafuu ukisikia ukelele wa "Anueni!", umeacha kahawa, umeacha bao, umeacha hata ugomvi, unakimbia kukunja jamvi lililo karibu nawe, liwe la ndugu yako au la mtu msiyesemezana. Kisiwa kizima ndivyo kilivyo. Lakini barza yetu, kwa kupenda kwake sheria, iliongeza kifungu: aliyepiga ukelele na mvua isinyeshe, anainunulia barza nzima kahawa. Kifungu hicho walikiweka baba zetu, zamani mawingu yalipokuwa na adabu. Wingu likisema linanyesha, linanyesha. Sasa hivi wingu linakuja jeusi, linatunisha kifua, halafu linakwenda zake Fundo kumwaga maji baharini, kana kwamba bahari imelalamika kiu. Msimu huu Marhoun alishanunua kahawa mpaka Silima akaanza kumwita mfadhili. Bakar naye alishanaswa na kanuni yake mwenyewe. Mwisho kila mtu akajifunza kufumba mdomo.

Tone la kwanza lilimwangukia Bakar puani. Akalifuta.

"Jasho," alisema.

La pili lilitua ndani ya kikombe cha Anas, tii!

"Silima, kahawa yako inaruka hii."

Upande wa Chake kulikuwa kweusi kama tako la chungu. Sote tuliona. Sote tukatazama miguu yetu.

"Marhoun," alisema Abdulnasir, kwa upole usio wake, "karafuu ni zako. Sema."

"Niseme nini? Kumi la jua hili."

"Unaogopa kutoa kahawa."

"Siogopi. Haya ni manyunyu, yanapita. Sema weye basi, si ndiye uliyeitaka?"

"Mie nikiitaja itaondoka. Tunajuana."

"Hakimu, toa hukumu."

"Hakimu hawi shahidi," alisema Bakar, akavuta kofia chini.

"Redio! Simu yako inasemaje?"

Anas alipangusa kioo kwa shati, kikarowa tena, akapangusa tena. "Simu inasema jua kali."

Marhoun aliinuka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kutazama maua. "Nakwenda chooni mara moja."

"Choo kiko huku," alisema Silima.

"Nakwenda cha kwangu."

"Hata mie nimekumbuka kitu," alisema Bakar, naye akainuka. "Nimeacha mlango wazi." Nyumba yake iko upande mwingine kabisa, lakini hakuna aliyemuuliza, maana sote tulikuwa tumeshasimama, kila mmoja na udhuru wake. Mmewahi kuwaona wanaume wazima wanatembea upesi upesi bila kukimbia, wote kuelekea mahali pamoja, kila mtu anajifanya hawaoni wenzake? Tulikuwa katikati ya barabara ilipoporomoka. Haikuanza kidogo kidogo. Ilikuja yote, kama alivyosema yule wa kujumlisha.

Hapo tukakimbia. Tulishika majamvi pembe kwa pembe, kimya, kama tunaofukia maiti. Hakuna aliyethubutu kulitaja lile neno hata maji yalipokuwa yanamwingia mdomoni. Majamvi mawili tuliyafikisha ukumbini. Mengine mawili yalikuwa yameshageuka mito. Karafuu za Marhoun zilitiririka mtaroni, zikaenda Chake bila nauli.

Kisha ikakatika, vup! Jua likatoka, likang'aa bila haya.

Silima alifika na dele lake la kahawa, jiko limezimika, maji yakimchuruzika ndevuni. "Wazee wazima mnakimbia kimya kimya, nikadhani kuna msiba. Kwani hamngesema kama ni mvua?"

"Mvua?" alisema Bakar, akikamua kofia. "Nani kasema mvua?"

Marhoun alikuwa amechutama mtaroni, anaokota karafuu moja moja na kuzitia ndani ya kanzu. "Zitakuwa mpeta hizi," alisema. "Zitavimba, zitafifia rangi, kituoni zinakonunuliwa hawatazitazama mara mbili." Alisema taratibu. Hata Abdulnasir alichutama, akaanza kuokota.

Ndipo gari ikasimama. Bi Moza akateremka, buibui limemganda mwilini. Akatazama majamvi mawili makavu ukumbini. Akatazama mawili yaliyolala kwenye tope. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akapata fungu lake.

"Imenikuta hitmani," alisema. "Wenzangu wakaniambia, Moza, karafuu zako! Nikawaambia, mie sina wasiwasi, nyumbani kuna mwanamme. Kumbe nilipunja hesabu, wanaume wamejaa!"

"Tuwie radhi, Bi Moza," alisema Bakar. "Tulikuwa hapo ng'ambo tu. Wala si mbali."

"Mkifanya nini?"

Kila mtu akamtazama mwenzake. Abdulnasir, ambaye uongo wote huumalizia barzani, akajikuta hana akiba.

"Tukijadili mvua," alisema.

"Mkafikia wapi?"

"Tumefikia... yaani, kwa mwaka mzima, ukiijumlisha..."

"Moza," Marhoun aliingilia, kanzu imejaa karafuu na tope, "nusu imesalimika, alhamdulillahi."

"Vyema. Basi kamwoze mwanao nusu. Pilau nusu, kitanda nusu, na bwana harusi aje na mguu mmoja." Akakunja mikono ya buibui. "Mnanitazama nini? Jua limetoka. Anikeni!"

Tukaanika. Yaliyo makavu tukayarudisha nje, karafuu zilizorowa tukazitandaza kando kwenye mifuko, na hata Anas aliitia simu mfukoni akapiga magoti. Hatujamaliza kusawazisha, kivuli kikatupitia migongoni. Wingu lingine, jeusi kuliko la kwanza. Sote tuliliona. Bakar alianza kukohoa. Marhoun alifungua mdomo, akaufunga. Abdulnasir alishughulika na karafuu moja kama anaitafutia ukoo.

"Anueni!" alipiga ukelele Bi Moza.

Tuliinua kila kitu kwa mpigo, tukajibana ukumbini mabega kwa mabega, tukatazama juu. Wingu likazunguka. Likatafakari. Likaondoka zake kwenda Fundo. Jua likachoma upya, na wala halikudondoka tone.

Bakar Hakimu akajiweka sawa. Kanuni ni kanuni.

"Bi Moza," alianza, "kwa utaratibu wa barza yetu, tuliourithi kwa wazee, mtu akipiga ukelele wa anueni na mvua isinyeshe, basi mtu huyo..."

Bi Moza alimgeukia taratibu, jamvi lenye tope mkononi.

"...mtu huyo," Bakar akamalizia, "sisi ndio tunaomnunulia kahawa. Silima, koka jiko!"