Askari wa Kirumi Ndani ya Mafuta ya Upako

Leo nimeaibishwa na mtu aliyekufa zamani sana, na wala hana habari.

Mnajua napenda sarafu za shaba za Kirumi, zile za mwisho mwisho wa dola lao. (Ndiyo, wenzangu wanakusanya viatu. Niacheni.) Mzee mmoja wa mtaa wa Morningside alinipa moja iliyojaa udongo, ukiiona unadhani kokoto. Akaniambia, "Usisugue. Iloweke kwenye mafuta ya zeituni, usubiri. Ukiwa na haraka utamfuta askari."

Kwani iko askari? Tangu hapo usingizi ukanipungua.

Sasa, kwetu mtaa wa Greyville mafuta ya zeituni iko ya aina moja tu: ya upako, yaliyoombewa, kwenye kikopo cha jemu juu ya friji. Nikawaza, mafuta ni mafuta. Nikamtumbukiza Mrumi. Nilipanga kumtoa kabla mtu hajajua.

Leo natoka shule, namkuta Pasta sebuleni. Mama amemwita aniombee kwa ajili ya mitihani. Kikopo kiko mkononi mwake. Nilishapiga magoti ndipo nikakumbuka. (Akili yangu hufika baada ya mwili.)

Pasta akachovya kidole bila kuangalia, akamchora Mama msalaba kwenye paji la uso. Msalaba ukatoka rangi ya matope ya kijani. Mama kafumba macho, anasema amina. Pasta akachovya tena, zamu yangu, kidole kikagonga kitu. Akakitoa.

"Mama, hii iko nini?" akauliza Pasta.

Mama akafumbua macho. "Uchawi. Kuna mtu anamfunga mtoto yangu. Lete, niitupe chooni."

Chooni? Eish. Nikasimama. "Ni yangu. Ni sarafu ya Warumi, nimeiloweka."

"Warumi gani?" Mama akauliza polepole. "Wale waliomsulubisha Bwana? Umewaogesha na mafuta yake?"

"Hawa ni wa baadaye, Mama. Walishaokoka."

Pasta akavaa miwani, akaipeleka sarafu dirishani. Udongo ulikuwa umeachia. Nikasogea na mimi, hofu nimeisahau. Askari huyo hapo! Kofia ya chuma, ngao, mkuki. Chini yake mtu anaporomoka pamoja na farasi, mkono juu, anaomba asiuawe.

"Huyu mwenye mkuki ndiye aliyeokoka?" Pasta akauliza.

Nikajifanya nahesabu miguu ya farasi. Mama, na paji lake la kijani, alikuwa na mengi ya kusema.

Hukumu ni hii: Jumapili nitasimama mbele ya kanisa zima nieleze nilichofanya. Na sarafu imeondoka na Pasta, akaifungie maombi.

Nimechungulia nje sasa hivi. Bado yuko ndani ya gari. Anaigeuza kwenye jua, anaifuta kwa shati, anatafuta sura ya mfalme upande wa pili.

Msinicheke. Mwombeeni Pasta, maana na mimi nilianza hivyohivyo.