Blanketi la Betri

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe anasafiri Jumamosi. Gari lake la haibridi, lile la petroli na umeme, atamwachia mkwe mmoja. Tuko wawili: mimi, na mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu, mtu wa kujipendekeza mpaka kero. Ufunguo ule lazima niupate! Majirani wamechoka kuniona nikitembea. Basi nikamtangulia. Nimeliosha gari lote, hadi chini ya kiti cha nyuma kwenye betri kubwa. Kuna kiwaya kilichozuia brashi. Nikakivuta kidogo tu. Mwanamume habishani na waya.

Jumanne, 4 Machi
Taa nyekundu imewaka! Mwanyumba kachomeka kile kidude chake cha kupimia magari. Eti betri ina nyuzi arobaini chini ya sifuri. Na mimi hapo natokwa jasho mpaka kwenye viatu. Akasema huenda sensa, kile kipimajoto cha betri, ina hitilafu. Yeye kila kitu sensa. Betri inaona baridi, basi. Maskini!

Jumatano, 5 Machi
Nimeifunika kwa blanketi letu zito. Mke wangu kaliulizia. Nikasema limekwenda kufuliwa. Kando ya kiti kuna kifeni kinachoipulizia betri upepo. Nani humwekea feni mgonjwa wa baridi? Nimekiziba kwa soksi. Zangu, zile nzuri.

Alhamisi, 6 Machi
Bado arobaini chini. Nimeongeza koti. Baba mkwe kanikuta nikilichomeka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni upendo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Gari limezima njia panda, baba mkwe ndani, kavaa suti. Fundi umeme kafungua kiti. Akatoa blanketi. Akatoa koti. Akatoa soksi. Watu wakajaa. Akauliza kama kuna mtu anaishi humo. Kisha akaonyesha plagi ya sensa ikining'inia: waya ukichomoka, gari halijui joto lolote, linaandika arobaini chini tu. Betri haikuwa na baridi hata chembe. Kilichoipika ni blanketi. Akairudisha plagi kwa vidole viwili, kazi kwisha. Mwanyumba akakumbusha, kwa upole wa kuudhi, kwamba yeye alisema. Mke wangu alilinusa blanketi, akasema la kuvunda halina ubani. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguo kapewa mwanyumba. Roho imeniuma, sifichi. Mimi nimeachiwa maua niyamwagilie. Baba mkwe alisisitiza mara mbili: maua tu.
Mwanyumba alipoliwasha gari nikachungulia kidude chake. Nyuzi thelathini na nane! Mwanangu akifika hapo tunakimbizana hospitali. Yeye anacheka, eti ni kawaida. Hana huruma yule. Sasa kaingia ndani kula. Mlango wa nyuma wa gari haufungi vizuri tangu nilioshe.
Mpira wa kumwagilia maua unafika hadi kiti cha nyuma.